Gari la Mayatima na Sili Iliyochoka

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), maudhui yetu ya juma hili ni injini ya gari. Msomaji aliyezoea kutukuta katika ukurasa huu tukizungumzia malezi, ndoa na mirathi huenda akastaajabu. Tunamwomba astahimili, kwani mambo hayo yote tuliyakuta ndani ya injini hiyo, tena pale ambapo hatukupenda kuyaona.

Mdogo wetu, Mungu amrehemu, alifariki mwaka juzi akaacha mjane, mabinti wawili na mwana mmoja. Wasia wake ulitutaja sisi kuwa wasii. Katika mirathi yenyewe hatukuwa na fungu, kwa kuwa mtoto wa kiume humzuilia ndugu. Baada ya madeni, mjane huchukua thumni yake na yaliyosalia huwa ya watoto, mwana akipata mafungu mawili kwa fungu moja la binti. Kazi yetu ilikuwa kuhifadhi mali, kuuza kilichopasa kuuzwa, na kumfikishia kila mmoja haki yake.

Kitu cha kwanza kilichopasa kuuzwa kilikuwa gari lake. Lilikuwa Mazda RX-8 nyekundu, lililoundwa Japani mwaka 2006 na kushushwa bandarini Mombasa mwaka 2013, kabla halijapita ule umri wa miaka 8 ambao sheria ya nchi yetu imewekea magari yaliyotumika. Injini yake yaweza kuzunguka hadi mara 9,000 kwa dakika, na mtaa wetu ni wa vichochoro na mikokoteni. Tulikuwa tukimtania marehemu kwamba amenunua farasi wa mbio aje amfunge kwenye mkokoteni. Naye alicheka tu, akaendelea kulipangusa.

Miezi 4 na siku 10 za eda gari lilikaa uani, chini ya mkungu. Eda haizuii gari kuuzwa, lakini hatukupenda wanunuzi waingie na kutoka katika nyumba ya mwanamke aliyefiwa. Kila Ijumaa baada ya sala tulipita kuwajulia hali, na kabla ya kuondoka tuliliwasha gari kwa dakika mbili au tatu ili lipumue, kisha tukalizima. Tulidhani twalitendea wema. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirejea.

Eda ilipokwisha tulilitoa kwenda kulitia petroli na kuliosha. Asubuhi lilishika moto mara moja, likanguruma vizuri. Tukaenda nalo hadi Nyali na kurudi, tukasimama kwenye kituo cha petroli saa saba mchana, jua la kaskazi likiwa juu ya utosi. Tulipotaka kuondoka, likakataa. Stata ilizunguka, injini isishike. Vijana wa kituo wakalisukuma kando, nasi tukakaa kivulini tukisabihi. Baada ya dakika 40 hivi likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Siku ya pili ikawa vilevile: asubuhi lawaka, mchana lakataa. Tukashuku betri, tukanunua mpya. Halikubadilika.

Hapo ndipo tulipompelekea fundi mmoja wa hapa mjini ambaye injini za namna hii anazijua. Aliposikia maneno mawili tu, kwamba linawaka likiwa baridi na kukataa likiwa moto, alitikisa kichwa. "Shehe," alisema, "huenda sili zimechoka. Lakini tusilihukumu kabla ya mashahidi." Kwa mtu aliyesomea fiqhi, maneno hayo yalitosha kumfanya aketi na kusikiliza.

Na haya ndiyo aliyotufahamisha. Injini tulizozizoea zina pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda. Hii haina pistoni wala vali. Ina kipande cha chuma chenye pembe tatu, mbavu zake zimefura kidogo mfano wa sambusa iliyojazwa vyema, nacho huitwa rota. Rota huzunguka ndani ya nyumba yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni, na kila ubavu wake hufanya chumba kinachovuta hewa na petroli, kikaibana, kikaichoma, kikatoa moshi. RX-8 ina rota mbili. Katika kila pembe ya rota pamepachikwa ukanda mwembamba wa chuma, urefu wake wapata sentimita 8 na unene wake milimita 2. Ukanda huo ndio sili ya pembe. Kazi yake ni kuusugua ukuta wa nyumba daima bila kuachana nao, ili pumzi ya chumba kimoja isivujie chumba cha pili. Sili sita za namna hiyo, pamoja na nyingine ndogo za ubavuni, ndizo zinazoshikilia nguvu yote ya gari.

Aliyewahi kuona jahazi likitiwa kalafati ataelewa kwa wepesi. Mbao ni nzuri na misumari ni mizima, lakini kinachozuia bahari isiingie ni ile pamba iliyoshindiliwa katikati ya mbao. Jahazi lililopwelewa mchangani halimwambii mtu hali ya kalafati yake. Lishushwe majini ndipo litakaposema.

Udhaifu huu haukuanza kwetu. Injini hii ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, aliyezaliwa 1902 na kufariki 1988, na ya kwanza kufanya kazi ilinguruma mwaka 1957 katika kiwanda cha NSU. Mwaka 1967 kiwanda hicho kilitoa gari lililoitwa Ro 80, likasifiwa kote Ulaya, lakini sili zake zilichoka mapema mno na wenye kiwanda wakawa wanawabadilishia wateja injini moja baada ya nyingine. Kufikia 1969 NSU ilikuwa imemezwa na kundi la Volkswagen. Huko Hiroshima, kampuni ya Toyo Kogyo, ambayo leo ndiyo Mazda, ilikuwa imekwisha kununua haki ya kuunda injini hiyo tangu 1961. Mhandisi Kenichi Yamamoto aliongoza wenzake, jumla yao watu 47. Kila walipoifungua injini waliyoijaribu walikuta ukuta wa ndani umechanwa michirizi na sili zilizotetemeka, wakaiita michirizi hiyo makucha ya shetani. Waliishinda kwa sili ya kaboni iliyochanganywa na alumini, na mwaka 1967 wakauza gari lao la kwanza la aina hiyo, Cosmo Sport. Mwaka 1991 gari lao lenye rota nne lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Basi wale waliokaribia kushindwa na ukanda mdogo wa chuma ndio walioshinda dunia kwa ukanda huohuo.

Sasa mtu atajuaje kwamba sili za gari lake zimefikia kubadilishwa? Fundi alituhesabia dalili, nasi tuliziandika.

Ya kwanza ni hiyo tuliyoiona: gari kuwaka likiwa baridi na kukataa likiwa moto. Injini ikiwa baridi, mafuta yake huwa mazito na husaidia kuziba nyufa za sili iliyolika. Ikipata moto, mafuta huwa mepesi, pumzi huvuja, na ule mzunguko wa polepole wa stata hautoshi kuibana hewa. Ya pili ni ngurumo isiyotulia gari linaposimama, kama mtu anayepumua kwa kifua kibovu. Ya tatu ni kupungua nguvu, hasa kupanda kilima, na petroli kuliwa kuliko desturi. Ya nne ni harufu ya petroli mbichi katika eksozi, kwa kuwa chumba kisichobana vyema hakichomi chote kilichoingizwa.

Lakini aliongeza tahadhari. Dalili hizi zaweza kuletwa na plagi zilizokwisha, koili dhaifu, au stata iliyochoka, na hivyo vyote hubadilishwa bila kufungua injini. Moshi wa buluu wakati wa kuwasha huenda ukawa wa pete za mafuta, ambazo ni jambo jingine. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yanakovuja, huelekeza kwenye sili za maji, nazo pia ni mlango mwingine. Anayeikata injini kwa dhana huenda akalipia asichokihitaji.

Mashahidi wake walikuwa wawili. Shahidi wa kwanza ni sikio. Aliipasha injini moto, akakata petroli na cheche, akafungua plagi moja ya kila rota, akatuambia tukanyage kikanyagio cha mafuta hadi chini na kuzungusha stata. Rota nzima hutoa pumzi tatu zilizo sawa, puf, puf, puf, kama mtu anayetembea kwa mwendo wake. Rota ya mbele ilitembea hivyo. Ya nyuma ilichechemea. Pumzi moja ilisikika, mbili zikafuata kwa unyonge. Hata sisi tusiojua lolote tulilisikia.

Shahidi wa pili ni kipimo. Kipimo cha kawaida cha kompresheni hakifai hapa, kwa sababu huonyesha chumba kilicho bora tu na kuvificha vingine viwili. Panahitajika chombo maalumu kinachoandika nambari tatu kwa kila rota. Fundi aliazima chombo hicho kwa mwenzake wa Nairobi, kikaja kwa basi. Kwa injini ya RX-8, ikizungushwa mara 250 kwa dakika, kiwango kizuri ni kilopaskali 830 na cha chini kabisa ni 680. Vyumba vya rota moja visipishane kwa zaidi ya 150, wala rota mbili kwa zaidi ya 100. Rota yetu ya mbele ilitoa 700, 690 na 710. Ya nyuma ilitoa 620, 450 na 470. Sili moja ya pembe hutenganisha vyumba viwili, basi ikichoka huviangusha vyote viwili pamoja, na ndivyo nambari zilivyosema. Gharama ya kuitengeneza hakuweza kuitaja kwa yakini, kwa kuwa sili zenyewe si ghali kama ukuta wa nyumba, na ukuta hauonekani umechanwa au haukuchanwa mpaka injini ifunguliwe.

Kisha akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Kilitoka kikavu karibu hadi ncha. "Lilikuwa likiendeshwa vipi miezi hii?" Tukamweleza habari za Ijumaa zetu. Alinyamaza kidogo, kwa adabu, kisha akatufahamisha kwamba injini hii hudondoshea mafuta kidogo ndani ya vyumba vyake kwa makusudi ili kulainisha sili, kwa hiyo hupungua hata kama haivuji, na mwenyewe hupaswa kuyapima kila anapotia petroli mara mbili. Na kubwa kuliko hilo, injini baridi huingiziwa petroli nyingi. Ikizimwa kabla haijapata moto, petroli hiyo hubaki ndani na kuosha mafuta kwenye sili. Dakika zetu mbili tatu za kila Ijumaa zilikuwa zikiwaosha mayatima mali yao. Yeye hakusema hivyo. Tulijisemea wenyewe.

Wakati huo tayari palikuwa na mnunuzi, kijana wa Malindi, aliyeliona gari kwa picha na kukubali shilingi 650,000 kwa masharti ya kuja kulijaribu. Dalali tulipomweleza hali hakushtuka. "Shehe, gari hili liuzwe alfajiri," alisema. "Mnunuzi aje baada ya Sala ya Asubuhi, injini imelala usiku kucha. Aliwashe mwenyewe, alizungushe Nyali mara moja, alipe. Likikataa mchana, litakuwa limemkatalia yeye." Akaongeza kwamba ipo stata yenye nguvu zaidi, ya magari ya toleo la baadaye, ambayo ikifungwa hulifanya gari liwake hata likiwa moto, angalau kwa miezi kadhaa. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa akiwahurumia mayatima, na hilo ndilo lililolifanya shauri lake liwe zito kukataliwa.

Tulipokwenda kwa shemeji yetu baada ya Magharibi, tulimweleza yote, kisha tukamwambia kwamba hapana budi mnunuzi aambiwe na bei ishuke, pengine hadi nusu. Tulitaraji atasema alhamdulillahi. Alinyamaza, akawatuma watoto ndani, kisha akasema: "Shemeji, nisamehe. Ukweli ni mzuri. Lakini ukiusema wewe, anayeulipia ni nani? Ni hawa. Wewe utarudi kwako na thawabu zako, na mimi nitabaki na karo."

Hatukuwa na jibu. Tulimaliza kahawa, tukaaga.

Usiku ule usingizi haukutujia. Tumewahutubia watu mara nyingi kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika lundo la chakula, vidole vikakutana na umajimaji, mwenye mali akajitetea kwa mvua, naye akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Gari letu lilikuwa lundo hilohilo. Alfajiri ni ule upande mkavu. Lakini maneno ya mjane yalikuwa upande wa pili wa mizani, nayo Surat An-Nisaa, aya ya 10, inawaonya vikali wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma. Mtu atamwogopa Mungu kwa nani kwanza, kwa mnunuzi au kwa yatima?

Tulimwendea mwalimu wetu, mzee aliyetusomesha fiqhi tangu tukiwa vijana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza swali moja tu: "Hayo mafuta ya injini, uliyapima lini?" Tukasema hatukuyapima hata mara moja.

Akasema kwamba tumechanganya mambo mawili. La kwanza, gari lenye aibu hiyo halikuwa na thamani ya laki sita na nusu tangu aibu ilipoingia. Anayedai kwamba ukweli umewapunguzia mayatima laki tatu amezihesabu kuwa mali yao fedha zilizomo mfukoni mwa kijana wa Malindi. Kumficha mnunuzi aibu ni haramu, uwe unauza chako au cha yatima, na kijana huyo angekuwa na haki ya kulirudisha gari na kudai fedha zake. La pili, wasii ni mwaminifu, hadhamini kilichoharibika mikononi mwake pasipo kosa lake. Lakini akizembea, hudhamini. "Umekuja kuniuliza juu ya mnunuzi," alisema, "ili usiniulize juu ya kijiti cha mafuta."

Tulitoka kwake tumeinamisha vichwa. Ni kweli tulikuwa tayari kuwa wakweli, mradi ukweli huo ulipiwe na watoto. Shemeji yetu alikuwa ameliona hilo kabla ya mwanachuoni yeyote.

Tulirudi kwa fundi kumuuliza ni kiasi gani cha uharibifu kilikuwa chetu. Alisema sili hailiki kwa miezi minne. Nyingi ya kazi hiyo ilifanyika zamani, marehemu mwenyewe akiliendesha safari fupi fupi, nyumbani hadi dukani. Ila ukavu wa mafuta na Ijumaa zile ziliongeza sehemu ambayo hakuna awezaye kuipima. Kwa kuwa haikupimika, tulifanya sulhu na mjane mbele ya mwalimu wetu: tutatoa shilingi 120,000 kwa mfuko wetu, 10,000 kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja, ziingie katika mali ya warithi. Alikubali. Hakutushukuru, wala haikumpasa.

Kijana wa Malindi alifika siku mbili baadaye, alasiri. Tulimwomba fundi aliendeshe gari naye mpaka injini ipate moto, kisha walizime na kuliwasha mbele yetu. Likakataa, kama tulivyojua. Tukamwonyesha zile nambari sita, tukamfahamisha maana yake. Alisimama kimya, mkono juu ya boneti, kisha akasema: "Shehe, Mungu akulipe. Lakini mbona hukuniambia kwa simu nikaokoa nauli yangu na siku yangu?"

Hilo nalo lilikuwa la haki. Hatukumwambia kwa simu kwa sababu siku tuliyozungumza naye hatukuwa bado tumekata shauri. Ni aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tukamrudishia nauli ya kuja na kurudi, naye akaenda zake bila kununua.

Gari lilikaa wiki sita zaidi, na katika wiki hizo tulipima mafuta na hatukuliwasha pasipo kuliacha lipate moto kamili. Mwishowe alikuja mwenye gereji kutoka Nairobi, mjuzi wa injini hizo, akalinunua kwa shilingi 330,000. Nambari sita ziliandikwa katika mkataba wa mauziano, akatia sahihi chini yake. Miezi mitatu baadaye alipita Mombasa kwa shughuli zake akatuletea zawadi iliyofungwa kwa gazeti: mojawapo ya sili za rota ya nyuma. Imelika katikati kuliko nchani, na ukuta wa nyumba ulikuwa umechanwa, ikabidi nao ubadilishwe. Alisema lau tungemuuzia kwa kificho, asingetudai Mombasa, angetudai mbele ya Mola.

Basi wasomaji wetu, tunayowausia ni machache. Mwenye gari la injini hii apime mafuta kila anapotia petroli mara mbili, asiliwashe na kulizima likiwa baridi, na akiona dalili adai nambari zote tatu za kila rota kabla ya kukubali injini ifunguliwe. Anayenunua gari lolote asiridhike na majaribio ya asubuhi. Aliendeshe mpaka lipate moto, alizime, aliwashe tena. Anayeuza asingoje kuulizwa, na aseme mapema, hata kwa simu. Na aliyekabidhiwa mali ya mayatima, awe shehe au asiwe, awaulize wajuao siku ya kwanza jinsi mali hiyo inavyotunzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ukuta wetu tuliujenga kwa miezi kumi na miwili.

Mwezi uliopita tulimaliza malipo ya mwisho. Mwana wa marehemu alikuja na mama yake, akaikuta sili mezani petu juu ya vitabu, akaishika akaigeuzageuza. "Ami," akauliza, "hiki kidogo ndicho kilichoharibu gari la baba?"

Tukamwambia ni hicho, pamoja na kijiti kimoja ambacho ami yake hakukichomoa. Akacheka, akidhani twamtania.

Wabillahi tawfiq.